Kesi ya Mkubwa Haimalizwi, Inazeeshwa



Ndugu zangu na dada zangu, kuna neno moja ambalo kila aliyewahi kufika kotini analijua: kutajwa. "Kesi itatajwa tarehe fulani." Haitasikizwa, itatajwa tu. Kwa mtu wa Buna maana yake ni kuamka usiku, kupanda gari hadi Wajir na vumbi mpaka kwenye kope, kukaa benchi nusu siku, kusikia jina lako na tarehe nyingine, halafu kurudi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku ya kazi imepotea. Ukiwa rumande basi hata nauli huna haja nayo, manake unarudishwa ndani palepale.

Sasa mtazame mheshimiwa. Siku ya kesi yake kutajwa anatoka mahakamani anatabasamu, anapungia watu mkono. Wakili wake ameomba muda zaidi wa kusoma nyaraka na amepewa. Kwa maskini tarehe nyingine ni adhabu kabla ya hukumu. Kwa mkubwa tarehe nyingine ndiyo ushindi wenyewe, na anaweza kushinda hivyo miaka kumi bila kuulizwa swali hata moja kuhusu pesa.

Tuelewane hapa mwanzoni. Sisemi tu kwamba mahakama za Kenya ni polepole. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Ninachosema ni kingine: kwa wakubwa, kuchelewa si ajali. Ni kazi inayofanywa. Inalipiwa mawakili, ina mpango, na ina siku ya kumalizikia. Na siku hiyo mara nyingi ni siku ya uchaguzi.

Inafanywaje? Kesi ya ufisadi inaanza kwa hakimu, na zile kubwa kubwa ni kule Milimani, Nairobi. Kabla shahidi wa kwanza hajaapa, mshtakiwa anakimbia Mahakama Kuu kudai haki zake za kikatiba zimevunjwa, na anaomba agizo la muda la kusimamisha kesi ya chini. Akilipata, kesi inalala. Akilikosa, anakata rufaa, na rufaa nayo inakuja na ombi lake la kusimamisha. Hayo yakiisha, mshtakiwa anaugua. Akipona, wakili anajiondoa, anaingia mwingine, naye anataka wiki kadhaa asome faili. Katikati ya hayo hakimu anahamishwa, na mshtakiwa anaruhusiwa kuomba mashahidi waitwe upya mbele ya hakimu mpya. Kufikia hapo yule mhasibu aliyeona hundi amestaafu na kurudi kwao, mwingine ameitwa na Mola wake, na yule wa tatu amesahau, au amesaidiwa kusahau. Kila hatua moja moja ni halali. Ndiyo maana ni ngumu kuilalamikia. Ni kama mtu anayekunywa maji ya kisima chenu kwa kijiko: huwezi kumkamata kwa kijiko kimoja.

Chukua mfano mmoja, halafu uniambie kama ni ajali. Mwaka 2011 kisiwa cha Jersey, kilicho karibu na Ufaransa, kilitoa hati za kukamatwa kwa Chrysanthus Okemo, aliyewahi kuwa waziri wa kawi na baadaye wa fedha, na Samuel Gichuru, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme. Ombi la kuwapeleka huko likaletwa mahakamani Nairobi mwaka huohuo. Je, lile swali la pesa lilijibiwa? Hata halikufikiwa. Kilichobishaniwa miaka na miaka ni ofisi ipi yenye haki ya kupeleka ombi hilo kotini: ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma au ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema ni Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikasema hapana, ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Miaka 10, ndugu yangu, kuulizana nani alipaswa kubeba karatasi! Na huko Jersey kwenyewe, kampuni ya Windward Trading iliyokuwa ikihusishwa na Gichuru ilikiri makosa mwaka 2016 na ikanyang'anywa zaidi ya pauni milioni 3. Sisemi wawili hao wana hatia, hakuna mahakama iliyosema hivyo. Na hapo ndipo penye uchungu: mwananchi hana hukumu ya hatia wala hukumu ya kutokuwa na hatia. Hana chochote.

Halafu kuna jambo la kushangaza zaidi, na naomba usome aya hii polepole. Ukichelewesha vya kutosha, kuchelewa kwenyewe kunageuka kuwa utetezi. Wazee wanaikumbuka Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ilikuwa ikilipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, na almasi nchi hii haikuwa nayo. Mabilioni yakaenda. Tume ya Jaji Bosire ikakaa, watu wakatazama kwenye televisheni, ripoti ikatoka mwaka 2006. Aliyekuwa waziri wa fedha wakati ule, George Saitoti, akaenda Mahakama Kuu, na Julai 2006 majaji wakazuia asishtakiwe. Miongoni mwa sababu? Kwamba miaka mingi mno imepita tangu mambo hayo yatendeke. Naye Kamlesh Pattni, mwenye kampuni yenyewe, kesi yake ikasimamishwa na jaji mwaka 2013. Jaji huyo baadaye aliundiwa jopo, likapendekeza aondolewe kazini mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikakubaliana na jopo mwaka 2019. Lakini Pattni alishaenda zake. Desemba 2024 Marekani na Uingereza zikamwekea vikwazo, safari hii ni kwa tuhuma za dhahabu ya Zimbabwe. Yaani tulishindwa kumaliza kesi yetu, majirani wakaanza kuhesabu hasara yao.

Ukiuliza kwa nini wanahangaika kuvuta muda badala ya kwenda kushinda kesi moja kwa moja, jibu limeandikwa kwenye Katiba. Kifungu cha 99 kinasema mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi hawezi kugombea ubunge. Vizuri. Lakini kifungu hichohicho, mbele kidogo, kinasema hazuiliwi mpaka nafasi zote za rufaa na mapitio ziwe zimeisha. Kwa viti vya kaunti ni hivyohivyo, kifungu cha 193. Soma tena. Hiyo ndiyo milango miwili. Wa kwanza umefungwa kwa kufuli, wa pili uko wazi na taa imewashwa.

John Waluke, mbunge wa Sirisia, alitiwa hatiani Juni 2020 katika kesi ya mahindi ya Bodi ya Nafaka, jambo lililoanzia kwenye kandarasi ya mwaka 2004. Hukumu ilikuwa faini ya zaidi ya bilioni moja au miaka 67 jela. Akakata rufaa, akapewa dhamana, na Agosti 2022 akagombea tena na akachaguliwa tena. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikathibitisha hukumu. Baadaye Mahakama ya Rufaa nayo ikaifuta. Huenda ndiyo haki yake, sina ugomvi na majaji wa rufaa. Mimi nawafikiria watu wa Sirisia. Waliingia kwenye kibanda cha kura bila kujua kama wanamchagua mwizi au mtu aliyeonewa. Jambo la mwaka 2004 lilikuwa bado linazunguka miaka 18 baadaye.

Na Rigathi Gachagua. Julai 2021 alishtakiwa pamoja na wengine katika kesi ya shilingi bilioni 7.4. Alikana, akasema ni siasa. Agosti 2022 akachaguliwa Naibu wa Rais. Novemba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi mahakamani. Kama ilikuwa ya siasa, waliomshtaki walitakiwa kujibu. Kama haikuwa ya siasa, walioiondoa walitakiwa kujibu. Wewe umesikia aliyejibu?

Lakini ngoja. Oktoba 2024 wakubwa hao hao walipogombana, Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa tarehe 8, na Seneti ikamaliza kazi tarehe 17. Siku tisa! Mashahidi walipatikana, nyaraka zilipatikana, mawakili walipatikana, na aliyeugua siku ya kujitetea hakungojwa. Mimi simtetei Gachagua. Nataka tu ukumbuke siku tisa hizo kila mtu akikuambia kwamba haki lazima ichukue muda mrefu katika nchi hii.

Mfano mwingine wa mbio uko nyumbani kwetu. Kesi ya kupinga ushindi wa gavana wa Wajir wa Agosti 2017, ile ya kama Mohamed Abdi Mahamud alikuwa na digrii au la, Mahakama Kuu iliamua Januari 2018, Mahakama ya Rufaa Aprili 2018, na Mahakama ya Juu Februari 2019 ikamrudishia ushindi. Uwe ulimuunga mkono au ulimpinga, mahakama tatu zilisikiliza na kuandika uamuzi ndani ya miezi 18. Kwa nini? Kwa sababu sheria ya uchaguzi imeweka saa ukutani: Mahakama Kuu ina miezi sita, ikipita hakuna kesi. Kwa kiti, saa ipo. Kwa pesa ya dawa na ya visima, saa hakuna. Waliotunga sheria ni wale wanaokalia viti, kwa hiyo hesabu hiyo mnaweza kuimaliza wenyewe.

Sasa nije kwenye lile linalotuuma sisi watu wa kaskazini, manake baadhi yenu mtaniuliza, habari ya Goldenberg na mahindi inatuhusu nini hapa Buna? Inatuhusu kwa sababu ya Wagalla.

Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa na wanajeshi wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji. Waliouawa ni wangapi? Serikali ilisema 57. Familia zilizozika, na zile ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika, zinajua ni mamia kwa mamia. Hakuna ofisa hata mmoja aliyehukumiwa. Tukaambiwa ngojeni. Ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano baada ya ghasia za 2007 na 2008, tukasema angalau hapa tutasikizwa. Mwenyekiti aliyeteuliwa ni Balozi Bethuel Kiplagat, ambaye alikuwa Katibu Mkuu wakati wa Moi, na alikuwa miongoni mwa maofisa waliofika Wajir kwa kikao cha usalama siku chache kabla ya mauaji. Yeye alikana kujua lolote kuhusu mpango wa kuua watu. Makamishna wenzake wakaomba aundiwe jopo la kumchunguza, na Jaji Mkuu akaliunda mwaka 2010.

Nini kikafuata? Balozi akaenda Mahakama Kuu. Kazi ya jopo ikasimamishwa. Jopo lilikuwa na miezi yake ya kuhesabu, na miezi ikahesabika huku mawakili wakibishana kama jopo lina mamlaka au halina. Muda wake ukaisha bila kutoa uamuzi wowote. Mwaka 2012 akarudi kwenye kiti chake cha mwenyekiti. Amefariki mwaka 2017, na hesabu yake iko kwa Allah, sina la kuongeza juu ya marehemu. Lakini angalia kilichotokea. Swali halikujibiwa kwa ndiyo wala kwa hapana. Lilichoshwa mpaka likalala. Kama alikuwa safi, alikufa bila kusafishwa. Kama hakuwa safi, wajane wa Wagalla waliingia kwenye kumbi za Tume inayoongozwa na mtu ambaye swali lake halikujibiwa. Ripoti ikakabidhiwa kwa Rais Mei 2013, na bunge badala ya kuitekeleza likabadilisha sheria ili lipate kwanza kuijadili. Mpaka leo.

Kwa hiyo sisi hatufundishwi na Nairobi maana ya kuchelewesha. Tulingoja Wagalla. Tulingoja vitambulisho kwa miaka mingi, tukikaguliwa babu alizaliwa wapi, mpaka ukaguzi huo ulipotangazwa umeondolewa Februari 2025, tena tangazo likatolewa Wajir. Kungoja tumezoea. Ndiyo maana mheshimiwa wetu akisema "nawaachia mahakama iamue," sisi ndio wa kwanza tunaopaswa kujua anamaanisha nini.

Hapa nataka kusema jambo ambalo ndani ya harakati yetu tunabishana sana. Kuna ndugu wanaosema: basi ziondolewe hizo rufaa na maagizo ya muda, wakubwa wahukumiwe haraka haraka. Mimi nakataa. Kumbukeni Aprili 2014, Usalama Watch, maelfu ya watu wetu wamejazwa uwanja wa Kasarani. Wakati ule tulikuwa tunatafuta agizo la mahakama kama mtu anavyotafuta maji Februari. Kijana anayesingiziwa ugaidi, kinga yake ni hizohizo haki: wakili, dhamana, rufaa, na ile ya kifungu cha 50, kwamba kesi ianze na kumalizika bila kuchelewa kusiko na sababu. Ukivunja ukuta ili umtoe mwizi, usishangae polisi wakipita hapohapo kuja kwako.

Shida si kwamba mkubwa ana haki hizo. Shida ni kwamba yeye anazo zote kwa wingi, na ile moja ya kumaliza kesi kwa wakati anaitupa makusudi, na mahakama inamwachia aitupe. Tena si yeye peke yake, tusidanganyane. Mara nyingine upande wa mashtaka ndio hauko tayari: unakimbilia kumshtaki mtu mbele ya kamera Ijumaa, halafu Jumatatu hauna mashahidi. Mara nyingine hakimu anaona wakili mkubwa wa Nairobi anasimama na anaona tabu kumwambia kaa chini tuendelee.

Na sheria ya kumwambia kaa chini ipo! Hili wengi hawalijui. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003, sehemu ya nne, inamtaka hakimu asikize kesi ya ufisadi siku baada ya siku mpaka iishe, kadiri inavyowezekana. Siku baada ya siku. Hayo maneno "kadiri inavyowezekana" ndiyo yamegeuzwa kuwa barabara kuu. Kisha Moses Lenolkulal, gavana wa Samburu, alishtakiwa Aprili 2019 kuhusu biashara ya mafuta ya zaidi ya milioni 83 na kaunti yake mwenyewe. Hukumu ilikuja Agosti 2024. Wanaojua mambo wanasema hiyo ni kesi iliyokwenda vizuri, na kwa kipimo chetu ni kweli. Angalau huyo alizuiwa kuingia ofisini kesi ikiendelea: Jaji Mumbi Ngugi alikataa Julai 2019 hoja kwamba gavana aliyeshtakiwa aendelee kulinda kabati la pesa anazodaiwa kuzila, na Mahakama ya Rufaa ikamuunga mkono. Uamuzi ule ndio ninaoupenda kuliko yote. Haukumhukumu mtu kabla ya wakati, ila uliondoa faida ya kuchelewa. Ukishamwondolea mtu faida ya kuchelewa utashangaa jinsi yeye mwenyewe anavyotaka kesi iende mbio.

Msidhani ni Wakenya tu. Jacob Zuma wa Afrika Kusini alishtakiwa mara ya kwanza mwaka 2005 kuhusu ununuzi wa silaha. Mashtaka yakaondolewa Aprili 2009, wiki chache kabla ya uchaguzi uliompa urais, yakarudishwa 2018, na kesi imevuka miaka 20. Huko mbinu hiyo ina mpaka jina, wanaiita Stalingrad: kupigania kila chumba, kila ngazi, mpaka adui achoke. Netanyahu naye, ambaye mikono yake mnaijua, kesi yake ya hongo ilianza kusikizwa Mei 2020 na amekuwa akiomba tarehe zisogezwe huku akiendesha vita.

Katika dini yetu jambo hili lina misingi. Kisa cha mwanamke wa Banu Makhzum mnakijua, jinsi wakubwa wa Kiquraishi walivyomtuma Usama amwombee, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokasirika. Kinasomwa kila siku kwenye minbari kwa hiyo sirudii. Kuna kingine ambacho hakisomwi sana. Katika barua inayopokelewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimwandikia Abu Musa al-Ash'ari kuhusu kazi ya ukadhi, anamwelekeza kwamba mtu akidai ana ushahidi usio karibu, awekewe muda maalumu. Akiuleta ndani ya muda huo, apewe haki yake. Asipouleta, kesi ihukumiwe. Miaka 1,400 iliyopita, jangwani, ngamia ndiyo gari lao, na muda uliwekwa.

Sasa tuje kwetu sisi wenyewe, wapiga kura wa Wajir, Mandera na Garissa. Mwanasiasa wetu akishtakiwa, kitu cha kwanza tunachofanya ni kuhesabu ukoo. "Wanatuandama sisi." Magari yanakodiwa, vijana wanapelekwa kuimba nje ya mahakama, wazee wanatoa taarifa mbele ya wanahabari. Hakuna anayeuliza ile zahanati iko wapi. Pesa ikiliwa inaliwa na mtu mmoja na shemeji zake, lakini kesi ikija inabebwa na ukoo mzima. Mimi sijawahi kuona ukoo umegawiwa kile kilichoibwa. Na siku ya harambee ya msikiti, huyohuyo mwenye kesi anawekewa kiti cha mbele, na shekhe anamwombea dua ashinde maadui zake. Maadui gani, shekhe wetu? Mkaguzi wa hesabu?

Kwetu huku viti vingi huamuliwa na mabaraza ya wazee kabla ya kura. Wengine wanalaumu, mimi leo sitaki kulaumu, nataka kuutumia utaratibu huohuo. Wazee wetu, mnapokaa chini ya mti kumteua mtu, mna swali moja la kumuuliza ambalo wakili hawezi kuliahirisha: una kesi gani, ilianza lini, na mara ya mwisho nani aliomba isogezwe, wewe au serikali? Kama ni serikali, mteteeni, ni haki yake. Kama ni yeye mara tano mfululizo, mwambieni aende akamalize kwanza.

Vijana mnaosoma hapa, mna kazi ambayo wazee hawaiwezi. Tangu mwaka 2020 kesi nyingi zinasikizwa kwa mtandao, na siku ambayo mnara wa Buna uko hewani unaweza kufuatilia Milimani ukiwa umekaa dukani. Ratiba za mahakama hutolewa, na maamuzi mengi yanawekwa wazi na Kenya Law bila malipo. Tunaanza daftari. Kesi za viongozi wa kaunti zetu tatu tu, hatutaki kubeba nchi nzima. Kwa kila kesi tunaandika namba, tarehe ilipotajwa, kama ilisikizwa au la, nani aliomba iahirishwe na alisema kwa nini. Hatuandiki kwamba mtu ni mwizi, hiyo si kazi yetu. Tunaandika tarehe.

Ukiwa na namba ya kesi, tutumie kwenye sanduku la ujumbe la ukurasa huu. Namba na tarehe, tafadhali, si uvumi wa miraa. Wa kwanza kujitolea tutakutana Buna baada ya Ijumaa ijayo, insha'Allah, tugawane kesi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na wao walishaanza kuihesabu.